Linatembea

*Rasimu. Haikutumwa.*

2 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefanya kosa kazini, na kosa lenyewe linahusu gari lako.

Mwezi Januari, ulipokuwa umelazwa, fomu za mwaka za magari ya zamani zilitakiwa kufungwa saa sita mchana. Yako ilikuwa haijajibiwa. Mkuu wa Masjala alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na mtu yule akisimama nyuma yako unaweza kusahau hata jina la mama yako. Kwenye mstari unaouliza hali ya gari niliandika "Linatembea", nikatia sahihi. Sikuwa nimefika bandani kulitazama. Nilijua tu kwamba ulipokuwepo lilikuwa likitembea.

Sasa imetoka amri. Kila gari lililotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili lifike kwenye ua wa ofisi yetu kwa injini yake yenyewe, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 30 Juni. Lisilofika, namba yake inafutwa na gari linabebwa kwenda kuyeyushwa. Na karani aliyeandika kwamba linatembea, kumbe halitembei, anafukuzwa kazi. Ilani yako niliipiga chapa mwenyewe, nikaipeleka posta mwenyewe, ikaja nyumbani kwetu, nikaipokea mwenyewe.

Dada anasema daktari amekataza usipewe habari za kushtua moyo. Kwa hiyo sijui

&nbsp;

2 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Mama anakusalimu, na tumefurahi kusikia kutoka kwa Dada kwamba sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono.

Nakuandikia kwa jambo dogo. Nimepata hamu ya kujifunza ufundi. Gari lako limekaa bandani chini ya turubai tangu Agosti ulipohamia kwa Dada kwa matibabu, nami ningependa kuliwasha, kwa mazoezi tu. Ukipata nafasi, naomba uniandikie hatua moja moja bila kuruka hata moja, kwa kuwa unanijua. Ingefaa niwe nimemaliza kabla ya mwisho wa Juni, ingawa hakuna haraka.

Mpwa wako

&nbsp;

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimtafuta aliyeiandika. Si wewe yule niliyekupa spana ukiwa na miaka tisa, ukaenda kunawa mikono kabla hujaishika? Leo una hamu ya ufundi. Haya.

Marehemu mke wangu alilibandika gari lile jina la Mke Mwenza, na hakukosea. Linataka kubembelezwa, na likinuna halisemi kwa nini. Sikiliza basi.

Mwaga petroli yote iliyomo kwenye tangi. Inuse kwanza. Ikinuka kama rangi ya mlango, imekufa. Tia mpya, kidogo. Jaza maji kwenye radieta polepole, na usitafute pampu ya maji kwa sababu haipo wala haijawahi kuwepo. Maji hupanda yenyewe yakipata moto na kushuka yakipoa. Mafundi wa siku hizi wakiambiwa hivyo hucheka, kisha wanachemsha injini. Badilisha oili. Breki zinavutwa kwa kamba za chuma, nne, moja kwa kila gurudumu. Zikaze sawasawa, la sivyo ukikanyaga gari litakupeleka sebuleni kwa jirani. Betri ipeleke ikachajiwe.

Mwisho, hendeli ya kuwashia, ile inayoingia mbele chini ya radieta. Gumba lako likae upande mmoja na vidole vingine, usilifunge kuizunguka. Injini ikirudisha teke, aliyefunga gumba anarudi nyumbani amefungwa bandeji. Vuta kwenda juu. Usisukume kwenda chini.

Umesema hakuna haraka, kisha ukasema mwisho wa Juni. Kuna nini mwisho wa Juni?

Mjomba wako

&nbsp;

24 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mwisho wa Juni hakuna kitu. Ni tarehe tu iliyonijia kichwani.

Nimefanya yote kwa mfuatano ule ule. Petroli ilinuka rangi ya mlango. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito kuliko nilivyotegemea, nami niliipima: chupa tano na robo. Ndani ya kiti cha nyuma nilikuta panya na watoto sita. Niliwahamishia kwenye sanduku la viatu nyuma ya ua. Mama anasema hata ofisini kwetu hakuna aliyewahi kupewa uhamisho kwa heshima kiasi hicho.

Breki nilizikaza kwa kutumia rula. Betri imechajiwa. Gumba nililiweka ulivyosema, na bado niliota limevunjika.

Gari halikuwaka. Nilizungusha mara arobaini, nikapumzika, nikazungusha arobaini nyingine. Kisha nilichomoa plagi moja nikailaza juu ya chuma cha injini ili nione kama inatoa cheche, na Mama akashika hendeli.

"Umeona?" akauliza.

Nikasema sijaona.

"Basi fumbua macho," akasema, akazungusha tena. Nilikuwa nimeyafumbua. Hakuna cheche kwenye plagi hata moja.

Nimefungua kifuniko cha distribyuta, kile chombo kinachogawa umeme kwa plagi zote nne, nikachora kila nilichokiona humo ndani kwa ukubwa mara mbili. Mchoro nimeuambatanisha. Tafadhali tazama kama kuna kilichokosekana.

Mpwa wako

&nbsp;

5 Mei

Mpwa wangu,

Mchoro umefika. Una mkono mzuri. Kila kilichomo umekiweka.

Safisha pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka. Tumia msasa laini. Kisha pima nafasi iliyopo kati yao vinapoachana. Mimi hutumia jani la chuma la kupimia, lakini wewe hulijui lilipo na sitaki ufungue sanduku langu la spana. Kata pembe ya jalada la ofisini. Jalada la faili likipita hapo kwa kujikunakuna, nafasi ni sahihi. Likipita kama lina haraka, punguza.

Ukimaliza, jifunze gia. Gari lile halisamehe. Ukitaka kupandisha gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unaikanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukishusha ni hivyo hivyo, ila katikati unapiga mafuta kidogo. Leseni najua unayo, hata kama tangu siku ya mtihani hujagusa usukani.

Nani mwingine huja bandani siku hizi? Nauliza tu.

Mjomba wako

&nbsp;

17 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Pointi nimezisafisha na kuzipima. Pembe ya jalada niliikata kwenye faili lililofungwa zamani, nikaandika ndani yake kwamba pembe imekatwa na mimi, na tarehe. Inapita kwa kujikunakuna. Cheche hakuna.

Nilisafisha nyaya. Nilibadilisha plagi zote nne. Nilipangusa kifuniko cha distribyuta ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Cheche hakuna.

Gia najifunza ofisini chini ya meza. Mguu wa kushoto mara mbili, wa kulia mara moja katikati, na rula mkononi ndiyo gia. Tarishi wetu, yule mzee anayepeleka barua kutoka meza hadi meza, amenitazama siku tatu bila neno. Siku ya nne alisema, "Bwana Dereva, ukifika nishushe pale kona." Sasa ofisi nzima inaniita hivyo, isipokuwa Mkuu, ambaye aliniuliza kama nina mdudu kiatuni.

Uliuliza nani huja bandani. Ni yule bwana mwenye hoteli tu. Alikuja Jumamosi moja, akalizunguka gari mara tatu, akasema lingependeza mlangoni pake, likae palepale na kupandwa maua ndani. Mama alimpa kiti wakaongea. Mimi nilikuwa chini ya gari sikusikia vizuri.

Naomba hatua inayofuata. Zimebaki wiki sita.

Mpwa wako

&nbsp;

26 Mei

Mpwa wangu,

Pointi safi, plagi mpya, nyaya safi, betri imechajiwa. Umefanya kila nilichokuandikia na umekifanya vizuri. Basi gari limechoka, kama mimi. Lirudishie turubai lake.

Mwambie mama yako nimesikia habari za hoteli. Angeniambia mwenyewe ningemsikiliza, ni dada yangu. Hakuwa na haja ya kukutuma wewe na hamu ya ufundi. Maua yapandwe kwenye ndoo.

Sikuulizi tena wiki sita za nini.

Mjomba wako

&nbsp;

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na bado nimesimama.

Si habari za hoteli. Mama alimkatalia palepale, na kiti alimpa kwa sababu bwana yule alikuwa anahema. Nimemuuliza. Amesema wewe na yeye hamjawahi kuzungushana tangu utoto na kwamba ukimwandikia hivyo tena atakuja huko mwenyewe.

Nilikuficha jambo jingine. Dada alisema usishtuliwe, lakini naona nimekushtua kwa kunyamaza. Naomba uketi.

Januari niliandika kwenye fomu kwamba gari lako linatembea, bila kuliona. Hukuniomba. Ulikuwa hospitalini. Niliogopa saa sita ingefika na mstari uko wazi, basi. Sasa magari yote ya umri wake yanatakiwa kufika kwenye ua wa ofisi yetu kwa injini zake kabla ya saa kumi jioni, tarehe 30 Juni. Lisilofika linayeyushwa na namba inafutwa. Na mimi nitaondolewa kazini kwa sahihi ile, jambo ambalo ni halali.

Nilidhani nikiliwasha kimya kimya, neno nililoandika litakuwa kweli, na hakuna atakayejua kwamba kwa miezi mitano lilikuwa uongo. Kila jioni nikitoka kazini huenda bandani kwanza, ndipo naingia ndani kula. Mama ananiacha.

Turubai sijalirudishia. Nisamehe kwa hilo pia.

Mpwa wako

&nbsp;

14 Juni

Mpwa wangu,

Nimeketi. Nilikuwa nimeketi hata kabla hujaniomba, siku hizi sifanyi kingine.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande cheusi, kidogo kama gumba la mtoto, chenye ulimi wa shaba juu yake. Kinaitwa rota. Kinakaa juu ya ule mhimili uliouchora katikati ya distribyuta. Kinazunguka nao na kupeleka umeme kwa plagi moja baada ya nyingine. Bila hicho unaweza kusafisha pointi mpaka uzeeke. Mchoro wako ulikuwa sahihi kabisa. Uliniuliza kama kuna kilichokosekana, nami nilipaona kilipokosekana, nikakusifu mkono.

Fundi aliyenifundisha alikuwa akiegesha gari lolote anatoa rota anaitia mfukoni, hata akienda kununua kiberiti. Gari lisilo na rota haliibiwi. Nami nimefanya hivyo miaka yote. Siku ya kuja huku niliitoa, nikaja nayo. Hospitalini waliponipiga picha ya kifua waliniambia nitoe kila kitu mfukoni, nikabishana na muuguzi kuhusu hicho.

Ulipoanza kuandika nilijua kuna kitu unanificha. Nikasema nitamfundisha yote kwa haki, lakini hiki kibaki kwangu mpaka aseme ukweli. Nilidhani nimekuwa mwerevu. Nilipokuandikia barua zote zile kilikuwa hapa mezani, nikikiweka juu ya karatasi zisipeperushwe na feni.

Kiingize, kina upande mmoja tu unaokubali. Funika. Zungusha.

Habari za kazi yako niachie mimi. Nimefanya linalompasa mjomba.

Mjomba wako

&nbsp;

14 Juni

Kwa Mkuu wa Masjala,

Mheshimiwa, mimi ni mwenye gari dogo la milango miwili lililotajwa katika ilani yenu. Napenda ifahamike kwamba mwezi Januari nilimpa karani wenu taarifa kwa kinywa changu kuwa gari hilo linatembea. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli. Karani aliandika alichoambiwa na mtu mzima anayemheshimu. Kama kuna wa kulaumiwa ni mimi, na naomba yeye asiguswe.

Wenu mtiifu,
Mwenye gari

&nbsp;

22 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Rota ilifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliiingiza, nikafunika, nikashika hendeli, gumba mahali pake. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa. Ya tatu ikashika, na bati la banda zima likaanza kutetemeka. Mama alitoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni mpaka nilipozima. Alichosema ni, "Sauti ni ile ile." Jana nimelizungusha kiwanja cha nyuma ya shule mara kumi na moja. Gia ya pili inalalamika nikiishusha. Nyingine zinaingia.

Kwa hiyo gari linatembea.

Nakuandikia hapa ofisini. Barua zinazoingia hufunguliwa na mimi. Nafungua, nagonga muhuri, natia namba, naiandika daftarini, halafu ndipo nasoma ili nijue iende kwa nani. Muhuri kabla ya macho. Ndivyo nilivyofundishwa, ili karani asipate nafasi ya kuchagua. Barua yako kwa Mkuu ilikuwa imeshapata namba 417 nilipoutambua mwandiko.

Mjomba, hakuna mtu ambaye angeuliza kitu. Wiki ijayo ningefika uani na gari, wangetia alama, yakaisha. Sasa Mkuu akiisoma hii lazima aulize Januari ilikuwaje. Na akikuamini wewe, ni vibaya zaidi: mwenye gari aliyeidanganya ofisi hufutiwa namba hata kama gari limefika likiimba. Hukulijua hilo. Ningekuambia mimi, kama ungeniuliza. Sikulaumu, maana nami sikukuuliza kuhusu rota.

Barua hii ikipotea, namba 417 itabaki wazi daftarini. Ningeweza kuijaza. Leo asubuhi limefika tangazo la kiwanda cha rangi, halina namba bado. Tarishi hupita kuchukua trei ya Mkuu saa nne. Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi, barua yako iko mezani, na hii ninayokuandikia iko juu yake.

Tarishi amekuja. Anasema, "Bwana Dereva, una kitu au nipite?"

Nitamalizia baadaye.

Mpwa wako

&nbsp;

1 Julai

Kwa mwenye gari,

YAH: GARI DOGO LA MILANGO MIWILI, LA KABLA YA VITA

1. Rejea barua yako ya tarehe 14 Juni, iliyopokelewa na kusajiliwa kwa namba 417.

2. Barua hiyo ilimfikia Mkuu wa Masjala tarehe 22 Juni ikiwa imeambatanishwa na maelezo ya karani mhusika, ya ukurasa mmoja. Kwa mujibu wa maelezo hayo hukumpa taarifa yoyote mwezi Januari, kwa kuwa ulikuwa umelazwa, na neno "Linatembea" aliliandika kwa hiari yake bila kuliona gari. Daftari la wodi limethibitisha tarehe za kulazwa kwako. Ofisi inaichukulia barua yako kuwa ni ya kifamilia na haitachukua hatua juu yake.

3. Gari tajwa lilifika uani tarehe 30 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa injini yake, likitoa moshi kiasi. Namba yake inabaki kama ilivyo.

4. Neno la Januari limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa upya kwa tarehe ya jana.

5. Karani mhusika amepewa onyo kali la maandishi na ameondolewa masjala. Kuanzia leo amehamishiwa uani, kwenye ukaguzi. Hataandika hali ya gari lolote kabla hajaliona kwa macho yake likisogea.

Mkuu wa Masjala

Imepigwa chapa na: Karani (mhusika)

*Pembeni, kwa mkono:*

Mjomba, shikamoo. Kupiga chapa barua hii ndiyo kazi yangu ya mwisho mezani. Jana Mkuu alishuka uani, akalizunguka gari, akauliza mlango wake unafunguliwaje. Nikamfungulia. Akaketi ndani muda mrefu, mikono juu ya usukani, kisha akatoka akasema nimletee daftari.

Nilipoegesha nilitoa rota. Iko mfuko wa shati, upande wa kushoto. Imeacha doa.

Mpwa wako